Taa za kuongeza kwenye pikipiki: msizing'oe, zifungeni vizuri

Uvira – Juma lililopita, karibu saa moja na nusu za usiku, nilikuwa nimekaa nyuma ya motari, tunatoka Kalundu kurudi Mulongwe. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yetu. Mbele yetu ikatokea pikipiki yenye taa mbili nyeupe zilizofungwa juu kabisa ya gido, pembeni ya vioo. Motari wangu akasema tu, « Papa, sioni », akakata upande wa kuume. Katika ule upande kulikuwa na mama anayetembea na beseni la ndagala kichwani.

Gurudumu lilimgusa mguu, akaanguka. Namshukuru Mungu hakuvunjika. Ndagala zote zilimwagika kwenye mchanga, na mwenye zile taa hakusimama. Naamini hakutuona kamwe, maana mtu aliye nyuma ya mwangaza wa namna ile haoni shida anayoacha pembeni. Mimi na yule kijana tulichanga pesa ya beseni nzima. Kwake ilikuwa kazi ya mchana mzima imepotea, na kosa halikuwa lake.

Nilipoeleza habari hii kwenye kartiye, karibu kila mtu alinijibu jambo moja: serikali iamuru taa zote za kuongeza zing'olewe. Mimi sikubali, na ndiyo sababu naandika.

Wanaosema hivyo hawajapita Makobola usiku. Taa ya kiwandani ya pikipiki zetu ndogo mara nyingi ni balbu moja ya wati 35, na kioo chake kikishapigwa na vumbi miezi sita, inabaki kama mshumaa. Barabara ya kusini ina mawe, ina sehemu ambapo mvua imekula nusu ya njia na chini yake ni ziwa. Kuna mbuzi wanaolala katikati, na baiskeli za makaa zisizo na taa hata moja. Ni kwenye barabara hiyo mama mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa kwa pikipiki mpaka kituo cha afya, kwa sababu gari hakuna. Motari anayenunua taa ya pili kwa pesa yake anafanya akili. Tukimnyang'anya tutakuwa tumeponya macho ya mjini na kuua watu wa vijijini.

Shida yetu ni namna zinavyofungwa. Nilikwenda kukaa kwa fundi mmoja nusu siku nikaangalia. Kijana ana mikono myepesi, simdharau. Lakini kwa kila pikipiki alifanya vilevile: anachuna waya wa taa kubwa, anasokotea waya wa taa mpya, anazungusha skochi nyeusi, basi. Dakika 20, mteja anafurahi kwa sababu taa zinawaka. Hakuna fizibu wala rele, na waya wenyewe ni mwembamba kama ule wa redio.

Najua mwisho wa kazi hiyo kwa sababu yalinipata. Mwaka jana, kati ya Swima na Mboko, pikipiki yangu ilianza kunuka plastiki. Waya wa taa ulikuwa umebanwa kwenye shingo ya gido. Kila nilipokata kona ulisagika kidogo, mpaka ukagusa chuma. Kwa kuwa hakukuwa na fizibu, umeme wote wa batri ulipita hapo, na fungu zima la nyaya likayeyuka chini ya tangi la esansi. Chini ya tangi! Nilichomoa waya wa batri kwa mkono, nikaungua vidole viwili, halafu nikasukuma mpaka asubuhi. Fizibu iliyokosekana ni kitu kinachonunuliwa kwa bei ya chupa ya soda.

Sasa niseme kazi inavyotakiwa, ili mteja ajue cha kudai. Taa mbili za wati 20 kila moja zinakula wati 40. Kwenye umeme wa volti 12 ni zaidi kidogo ya ampea 3. Fizibu ya ampea 5 inatosha. Iwekwe karibu na batri, kabla waya haujasafiri popote, maana fizibu iliyo mwisho wa waya haikulindi katika safari yote ya waya huo. Kutoka kwenye fizibu, waya mnene wa milimita moja na nusu uende kwenye rele. Rele ina miguu minne yenye namba: 30 inapokea umeme wa batri, 87 inaupeleka kwenye taa, 85 inakwenda kwenye mase, na 86 inapokea amri kutoka kwenye swichi. Hapo swichi ndogo ya gido haibebi mzigo wowote, inatoa amri tu. Bila rele, mzigo wote unapita ndani ya swichi ile ya plastiki, na ndiyo sababu mnaona swichi nyingi zimekauka na kubadilika rangi.

Amri ya rele itoke wapi? Hapa ndipo macho ya watu yanapookolewa. Itoke kwenye waya wa taa ndefu. Motari akishusha taa yake kubwa kwa kumheshimu anayekuja, zile za kuongeza zinazimika zenyewe, kidole kimoja tu. Lakini fundi aangalie kwanza, maana kuna pikipiki ndogo ambazo taa yake kubwa inalishwa moja kwa moja na mashine, haipiti kwenye batri. Utazijua: taa haiwaki mpaka injini iwake, na inapanda na kushuka ukivuta gesi. Umeme huo haufai. Rele italia kama nyuki na taa zitacheza-cheza. Kwa pikipiki hizo, chukua amri kwenye waya unaopata umeme ukifungua kontakti, na weka swichi yake karibu na kidole gumba cha kushoto, isiwe chini ya kiti ambako hakuna mtu atainama kuitafuta wakati gari linamjia usoni.

Na msidanganywe na maandishi ya kwenye katoni. Taa ndogo kama ngumi inaandikwa wati mia na zaidi. Kama ingekuwa kweli, batri ya pikipiki ingekufa kabla hujafika Kavimvira. Hata zile za ukweli, ukiweka nne au sita, mashine ya pikipiki ndogo haiwezi kuzilisha hasa ukienda polepole mjini. Asubuhi demaraji haivuti na kleksoni inalia kama paka. Mbili zinatosha. Zile za bluu na nyekundu za kuwaka-waka sizitetei hata kidogo. Hizo hazimwonyeshi mtu njia.

Tena zifungwe chini, kwenye chuma cha kukinga injini au kwenye mikono ya mbele chini ya taa kubwa, si juu ya gido. Bolti iwe na mpira au rondela ya kuzuia kulegea, kwa sababu taa iliyolegea leo imeangalia chini na kesho imeangalia madirisha ya watu. Kabla ya kulipa, geuza gido mpaka mwisho kushoto, halafu kuume. Waya ukivutika, fundi hajamaliza.

Kisha ukutani. Simamisha pikipiki mita 5 mbele ya ukuta, mahali tambarare. Pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, weka alama ya chaki ukutani kwa urefu huohuo. Kitovu cha mwangaza kipige sentimita 5 mpaka 10 chini ya alama. Na jambo ambalo sijaona fundi hata mmoja akilifanya: mkalishe abiria nyuma kwanza. Pikipiki zetu zinabeba watu wawili na mfuko wa mihogo. Nyuma inashuka, mbele inainuka, na taa iliyokuwa sawa asubuhi kwenye karakana inapiga watu usoni jioni. Nadhani nusu ya wanaotupofusha hawajui kwamba wanatupofusha.

Motari wamoja wameniambia: « Mzee, pikipiki si yangu, mwenye nayo anangoja hesabu ya kila siku, nitoe wapi pesa ya rele? » Ni swali la haki. Basi wenye pikipiki nao wasikie: kuungua ni kwa pikipiki yao. Vyama vya wamotari vinavyochanga pesa kwenye kila parkingi vinaweza kununua rele na fizibu kwa wingi kule Bujumbura, viuze kwa wanachama polepole. Askari wa barabara naye, akisimamisha pikipiki usiku, aangalie taa inapiga wapi kabla ya kuuliza karatasi. Sheria ya barabara tunayo tangu 1978, na kushusha taa mbele ya mwenzako si jambo lililobuniwa jana.

Yule mama nilimwona tena juzi, njia ileile, beseni kichwani. Sasa anatembea ndani kabisa, karibu na mtaro, na akisikia pikipiki anasimama na kugeuza uso.

Jumapili hii saa kumi na mbili jioni nitakuwa kwenye ukuta wa nyuma ya soko la Mulongwe, na chaki na kamba ya mita 5. Fundi niliyemtaja amekubali kuja na funguo zake. Mwenye pikipiki aje, na asisahau kuja na mtu wa kukaa nyuma.