Kanyaruchinya: Feza za biashara zikaguliwe kila siku, ao mwisho wa mwaka?

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita ilipofika ndani ya Goma na mabenki yakafunga milango, feza za wafanya biashara wa Kanyaruchinya zinapita njia mbili kubwa: simu ya mkononi, na kisanduku cha vikundi vya akiba, vile watu wanaviita AVEC. Muuzaji wa makala, mwenye butike ya unga na mafuta, mama anayeuza ndizi kando ya barabara ya Rutshuru, wengi wao wanategemea moja ya njia hizo, mara nyingine zote mbili. Benki, hata ikiwa na kasoro zake, ilikuwa na watu wanaolipwa kwa kukagua hesabu. Leo kazi hiyo imebaki kwa wenye feza wenyewe.

Desturi ya wengi ni kungoja. Kampuni inafunga hesabu mwisho wa mwaka. Depo inahesabu mali mwenye nayo akirudi safari. Ubaya wa kungoja unaonekana kwa hesabu rahisi. Chukua mfano wa depo ambamo mtu anatoa franka 5.000 kila siku bila kuandika. Siku ya kwanza ni kitu kidogo, cha kuulizana tu. Kisha siku 300 ni franka 1.500.000, na feza zenyewe zimekwisha kuliwa. Ukaguzi wa mwisho wa mwaka utasema ukweli, lakini hautarudisha kitu.

Kwa sababu hiyo makampuni makubwa yalianza kutafuta namna nyingine. Mwaka wa 1991, watafiti Miklos Vasarhelyi na Fern Halper walieleza mfumo uliojengwa katika maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, Marekani: kompyuta inasoma hesabu zinavyoingia, inazilinganisha na kanuni zilizowekwa, na kitu kisipolingana inatoa alama ili mtu aende kuangalia. Kanuni zenyewe si za ajabu. Je, fakture moja imelipwa mara mbili? Je, kuna malipo yaliyokatwa vipande ili yasipite kiwango kinachohitaji sahihi ya mkubwa? Je, feza zimetolewa usiku, ao siku ya mapumziko? Je, mali iliyotoka depo inalingana na feza zilizoingia?

Mwaka huohuo wa 1991, huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini vikundi vya akiba ambavyo baadaye vilienea Afrika nzima, hata Kivu. Kwa namna yake, AVEC inayofuata sheria inafanya kazi ileile ya kompyuta. Kisanduku kina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Feza zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Kabla ya kufunga, wanachama wanashika kichwani kiasi kilichobaki, na mkutano unaofuata unaanza kwa kukitaja kabla kisanduku hakijafunguliwa. Anayetaka kuiba lazima adanganye kikundi kizima, kila mkutano. Kwa hiyo mtu akisema kwamba ukaguzi wa kila mara ni mambo ya wazungu na kompyuta, mama wa AVEC anaweza kumjibu kwamba anaufanya tangu zamani.

Hatari imeingia kwa mlango mwingine. Wakati feza zinatoka kwenye kisanduku na kuingia kwenye simu, kufuli tatu zinaweza kugeuka namba moja ya siri. Kadi ya simu imeandikishwa kwa jina la mtu mmoja, ujumbe unaingia kwake peke yake, na wengine wanangoja aseme. Simu inaandika kila kitu, saa na kiasi, vizuri kupita kaye yoyote. Lakini maandishi ambayo mtu mmoja tu anayasoma hayamlindi mwingine.

Kwa hiyo kikundi ao butike haihitaji kuanza na programu ya bei kubwa. Inahitaji kwanza kurudisha zile kufuli tatu. Anayeshika simu asiwe yeye anayejua namba ya siri. Ujumbe wa kila malipo usomwe na watu wawili siku hiyohiyo, na uandikwe kwenye kaye. Jioni, mambo matatu yalinganishwe: kaye inasema nini, simu inasema nini, na mali iliyobaki inasema nini. Biashara ikikua, kazi hiyo inaweza kuwekwa kwenye jedwali la simu ama la kompyuta, linalopiga rangi nyekundu pale hesabu hazikubaliane.

Kuna mambo ambayo mashine haitatatua. Ya kwanza, inaona tu kilichoandikwa. Mfuko wa makala uliouzwa bila kuandikwa hauko, kwa macho ya mashine. Ya pili, alama nyekundu ikimfikia yule anayeiba peke yake, ni kama haikutolewa. Ya tatu ni woga. Wafanya biashara wengi hawapendi hesabu iliyo wazi, kwa sababu wanadhani mtoza kodi ataisoma kabla yao. Woga huo hauondolewi kwa maneno. Unapungua tu pale kikundi kinapoamua mapema nani ana haki ya kuona hesabu, na nani hana.

Hata hivyo wakaaji wa Kanyaruchinya wana sababu moja ambayo wengine hawana. Novemba 2012 watu walikimbia kutoka hapa. Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikateremka hadi karibu na muji. Tangu 2022 maelfu ya wakimbizi wa vita walikaa hapa kwenye mabanda, na Februari 2025 kambi zikabomolewa. Mtu akikimbia usiku, kisanduku kinabaki nyumba na kaye inabaki ndani yake. Wakionana tena kisha miezi, swali la nani aliweka kiasi gani linaweza kuvunja kikundi kuliko wizi wenyewe.

Picha ya ukurasa wa kaye, ikitumwa kila jioni kwa simu za wanachama watatu wanaokaa avenyu tofauti, haizidi megabaiti chache. Kama kaye itapotea, hesabu ya jana itakuwa bado inajulikana, na watu watajua mahali pa kuanzia.