Kitabu cha Kompaila Kisiachwe Nyuma

Wako mafundi wa kompyuta wanaoshikilia kuwa kutunga kompaila ni kazi ya wenye akili, na kusahihisha kitabu cha maelezo yake ni kazi ya wasio na kazi. Kauli hii ina majivuno mengi na busara chache, nayo yafaa ipingwe.

Kompaila ni mfasiri. Huyapokea maandishi ya mwanadamu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine huweza kuzitekeleza. Amri hizo zina njia yake: hufuatana moja baada ya moja, hupinda penye sharti, hurudia penye mzunguko. Likizuka jambo lisilotazamiwa, kama vile namba kuizidi nafasi iliyotengewa, amri huiacha njia kuu zikashika njia ya dharura. Siku za salama njia hii haionekani. Mwandishi wa programu huijua kwa kusoma kitabu. Na kitabu kikisema uongo, atapotea.

Itazame lugha ya C++. Kabla ya kanuni za mwaka 2011, kifungu cha kusafisha, yaani amri zinazotekelezwa kitu kinapokoma kutumika, kiliweza kutoa dharura, na sehemu nyingine ya programu ikaidaka. Kanuni za 2011 ziliamuru kwamba, kwa kawaida, dharura ikitoka katika kifungu hicho programu nzima isimamishwe. Herufi za programu hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni maana yake. Mwenye kushika kitabu cha kale atautegemea mlango mahali palipokwisha jengwa ukuta.

Watajibu kuwa mwenye shaka na asome maandishi ya kompaila yenyewe. Hoja hii ni dhaifu. Kompaila kama GCC ina mamilioni ya mistari. Nani ataimaliza ili ajue jambo moja? Tena mistari hiyo huonyesha linalotendeka tu. Haielezi lililokusudiwa wala sababu yake, na pasipo maelezo, kosa na kusudi hufanana kama mapacha.

Madhara ya sababu isiyoandikwa yalionekana tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilipoangamia sekunde 40 hivi baada ya kuruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu ya uelekezi, iliyorithiwa kutoka Ariane 4 na kuandikwa kwa lugha ya Ada, ilijaribu kuiingiza namba kubwa katika nafasi ya biti 16. Haikuenea. Dharura ikazuka, isidakwe, chombo kikajizima. Na kile cha akiba, chenye programu ile ile, kilikuwa kimekwisha kujizima. Kompaila haikuwa na hatia. Lakini wachunguzi waliona kuwa namba tatu kati ya saba zilizokuwa hatarini ziliachwa bila kinga kwa makusudi, na sababu ya uamuzi huo haikutajwa katika programu. Ilizama katika wingi wa makaratasi.

Basi sheria na iwe moja: badiliko lolote la njia ya dharura lisikubaliwe katika kompaila mpaka ukurasa wake katika kitabu umesahihishwa, na sababu yake imeandikwa. Enyi vijana mtakaoishika kazi hii kesho, msikubali kuambiwa kuwa maandishi yatangoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.