Tusimhukumu mtoto kwa damu ya baba yake



Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo linaloumiza watoto wengi huku vijijini. Jambo lenyewe ni mazoea yetu ya kumwambia mtoto mgomvi kwamba amerithi ubaya. Akimpiga mwenzake mara mbili tu, utasikia: "Huyo ni damu ya baba yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Hapo mazungumzo yamekwisha, kinachobaki ni fimbo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimepata kuhudhuria kikao cha kamati ya shule ambapo mjumbe mmoja alitaka mtoto wa darasa la tatu aondolewe kwa ugomvi. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba baba wa mtoto huyo alifungwa kwa kumjeruhi mtu. Bahati njema kikao hakikukubali. Lakini najiuliza, je, kifungo cha baba nacho hurithiwa?

Sisemi kwamba urithi haupo. Wataalamu waliolinganisha mapacha wa kufanana na mapacha wasiofanana wanakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti za ukali baina ya watoto hutokana na vinasaba. Nusu nyingine hutokana na malezi na mambo yanayompata mtoto. Tena vinasaba vyenyewe havifanyi kazi peke yake.

Katika mji wa Dunedin, nchini New Zealand, watafiti wamefuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, tangu utotoni hadi utu uzima. Mwaka 2002 walitangaza waliyoyaona kwa wanaume. Kuna kinasaba kiitwacho MAOA, ambacho kazi yake inahusika na kuvunja baadhi ya kemikali za ubongo. Kwa wengine kina nguvu, kwa wengine ni dhaifu. Wale wenye kinasaba dhaifu ambao pia waliteswa utotoni walikuwa asilimia 12 tu, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya ukatili. Wenye kinasaba dhaifu hicho hicho ambao hawakuteswa, hawakuwa wakorofi kupita wenzao. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwingineko haukutoa majibu ya namna moja, lakini majumuisho ya mwaka 2014 yaliunga mkono jambo hilo kwa wanaume.

Ndugu wasomaji, tafakarini maana yake. Mtoto aliyezaliwa na wepesi wa hasira ndiye ambaye mateso humharibu zaidi. Nasi ndiye tunayempiga kuliko wote! Halafu akikua akawa jambazi tunasema, "Si tulisema?"

Yupo mtaalamu wa Canada, Richard Tremblay, aliyeonyesha kwamba binadamu hupiga na kuuma wenzake zaidi akiwa na umri wa miaka miwili hadi minne. Kila mama analijua hilo. Baadaye wengi huacha, kwa sababu wamejifunza kusema, kusubiri na kuomba. Basi swali si nani alimfundisha mtoto kupiga. Swali ni nani atamfundisha kuacha.

Atajifunzaje kwetu? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Katika waliotajwa kuwapiga walikuwamo wazazi, na walikuwamo walimu. Mtoto anayeona mkubwa akimaliza kila jambo kwa mkono, naye atamaliza lake kwa mkono.

Wapo watakaosema mwalimu huyu anataka kulea watoto kama mayai. La hasha! Mtoto mkorofi lazima akanywe, tena siku ile ile. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema mvunje.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wazazi tuache kutaja ukoo wa mtoto tunapomkanya, maana anayeambiwa kila siku kwamba ni nyoka hana sababu ya kujaribu kuwa kitu kingine. Pili, walimu wenzangu tufuate kanuni za adhabu za mwaka 2002: fimbo zisizidi nne, apige mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nani kati yetu anaweza kuapa kwamba shuleni kwake ndivyo ilivyo? Tatu, kamati za shule zinapomjadili mtoto mgomvi, ziulize kwanza anaishi na nani, anakula nini na anapigwa mara ngapi, kabla ya kuuliza baba yake alikuwa nani.

Mwalimu wa Kijijini,
Sikonge, Tabora.