Mpango tuko nao, mlango njo umefungwa

Ndugu na dada munaosoma uchumi Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwengineko,

Kumwambia mwanafunzi "panga maisha yako ya kazi" mu mji ambamo nafasi za kazi hazitangazwi, ni kumuuzia tiketi ya gari ambayo haiko. Tunaisema leo juu msimu wa makonferansi umerudi. Kila mwaka wanatukusanyaka, wanatuletea mtu wa karavati, anatufundisha kuandika CV, kukaa vizuri mbele ya mwajiri na kujibu swali: "Unajiona wapi kisha miaka mitano?" Swali lingine halisikiki: hizo kazi ziko wapi, nani anazigawa, na anazigawa namna gani?

Sisi ni wachumi. Basi tuongee kama wachumi.

Mwaka 1973, Michael Spence aliandika kwamba diploma ni ishara. Mwajiri hawezi kuona ndani ya kichwa cha mtu, njo maana anaangalia diploma, juu kuipata kunaomba jasho. Mwaka 2001 alipata Nobel ya uchumi pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz, wote watatu kwa kazi zao juu ya masoko ambamo upande mmoja unajua mambo ambayo upande mwingine haujui. Tunasoma hayo, tunafanya mtihani, tunapata pointi. Kisha tunatoka inje na kukuta ishara inayoangaliwa ni nyingine: "Weye uko mutoto ya nani? Nani alikutuma? Kwenu ni wapi?"

Pale ambapo jina la mjomba linapita uzito miaka mitano ya masomo, diploma haisemi kitu tena. Na hasara si yetu peke yetu. Kampuni inapata mtu asiyejua kazi. Serikali inapata kodi iliyohesabiwa vibaya. Na mdogo wako aliye sekondari anajifunza kwamba kusoma sana ni ujinga.

Wazee wanatuambia: "Sisi tulijipanga, tukafika." Kwa heshima yote, baba zetu na mama zetu, wengi wenu mulipangiwa. Union Minière, kisha Gécamines, ilitoa kazi, nyumba, shule, hospitali na unga wa familia. Njia ilikuwa imechorwa, kijana alitembea juu yake. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, uzalishaji ukaanguka, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kwa ile waliyoita "départ volontaire", kuondoka kwa hiari. Wale baba pia walikuwa na mipango. Hakuna aliyewaambia kwamba tatizo ni CV yao.

Leo shaba na kobalti vinatoka tena kwa wingi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, na malori yanapanga mstari mpaka Kasumbalesa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hakuna kitu cha kuhesabu katika nchi hii, na kwamba wahasibu hawahitajiki. Kazi ziko. Lakini mkuu akihitaji mtu, anapiga simu kwa rafiki yake. Tangazo, kama linatoka, linatoka wakati mtu ameisha kuingia ku kiti. Na lile linalobaki wazi linadai "uzoefu wa miaka mitatu" kwa kazi ya mwanzo kabisa.

Uzoefu tutautoa wapi? "Fanyeni staji," wanasema. Sawa, tufanye hesabu. Tuseme taksi ni 1,500 franga kwenda na 1,500 kurudi. Siku 22 kwa mwezi zinafanya 66,000. Miezi sita inafanya 396,000, na hujakula hata mkate. Nani analipa? Mama anayeuza makala sokoni, ambaye ameisha kulipa minervali miaka mitano. Kwa hiyo staji ya bure haichagui mwenye akili, inachagua mwenye mzazi wa kumlipia taksi. Mimi mwenyewe nilifanya staji katika biro moja ya mji huu: miezi minne ya kupanga fakture za wengine, hakuna hata franga moja. Siku ya mwisho nikaambiwa nafasi haiko. Wiki iliyofuata mtu mwingine akakaa pale nilipokuwa nakaa. Wengi wenu muko na hadithi kama hii, na njo sababu haistahili kuitwa bahati mbaya.

Tunaambiwa pia: "Musingoje kazi, mujiajiri." Wengi tumeisha kujiajiri: tunauza unite za simu, unga, nguo za kombo. Sheria ya mwaka 2017 inaweka kazi za ukandarasi mdogo, ile sous-traitance, kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Ni sheria nzuri. Lakini kijana anayebisha na kampuni yake ndogo anakutana na swali lilelile: uko mutoto ya nani?

Hatusemi mukae kitako. Hesabu za kampuni zetu zinafuata mfumo wa OHADA: ujifunze mpaka uweze kufunga mwaka wa hesabu bila kuangalia kitabu. TVA ni 16%: ujue kujaza tangazo lake, si maana yake tu. Mufanye vikundi vya watu watano, sita, mukopeshane kompyuta, mufundishane Excel jioni. Hiyo iko mikononi mwetu na hakuna wa kutunyima. Lakini tusikubali kwamba yaliyobaki pia ni kosa letu. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na inaipa serikali jukumu la kumkinga raia na ukosefu wa kazi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila nafasi ya kazi, ya serikali au ya kampuni, itangazwe kwa wote kabla ya kumchagua mtu. ONEM ni ofisi ya taifa ya kazi: matangazo yabandikwe pale. Kisha matokeo ya mtihani yabandikwe na pointi zake.

2. Staji ilipe angalau taksi na chakula. Kodi ya madini ya 2018 inazitaka kampuni za migodi kusaini ahadi na jamii za karibu: staji za kulipwa ziingie humo.

3. Kazi ya mwanzo isiombe miaka ya uzoefu.

4. Vyuo vituambie, kabla ya kupokea minervali, waliomaliza mwaka uliopita wako wapi: wangapi wanafanya kazi waliyosomea, wangapi wanafanya nyingine, wangapi wako nyumbani. Fakulte inayofundisha takwimu haishindwi kuhesabu watoto wake.

Wanafunzi, konferansi inayokuja muende, mukae mbele, muandike. Mtu wa karavati akimaliza, inueni mkono na mumuulize kwa adabu: kwako mwaka huu mumeajiri wangapi, tangazo lilibandikwa wapi, na waliochaguliwa walipata pointi ngapi? Akikosa jibu, muulize tena. Tuko wengi, na swali halilipishwi minervali.