Krismasi si Viatu Vipya

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

 Naomba ukurasa huu mmoja nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalozungumzwa sana shuleni mwetu kila inapokaribia likizo ya Desemba, yaani Krismasi italiwa wapi na itavaliwa nini. Maoni yangu ni haya: kijana hakui kwa kuvaa nguo mpya tarehe 25 Desemba. Hukua siku anapowatendea wema watu wa ukoo wake, hasa wale ambao ni vigumu kuwatendea. Nitaeleza nilivyofikia hapo, kisha mnihukumu wenyewe.

Mimi naishi Kawangware hapa Nairobi, lakini kwetu hasa ni Kakamega. Mwaka jana, 2025, sikutaka kwenda ushago hata kidogo. Nilisingizia nauli, ambayo mwezi wa Desemba hupanda kama maziwa jikoni. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa na akiba ya shilingi 2,400 niliyopata kwa kumsaidia mama mmoja wa mtaa wetu kuuza chapati jioni. Viatu nilikuwa nimeshaviona Gikomba, na marafiki tulikuwa tumepanga kutembea mjini siku yenyewe. Nikamwambia Baba nitabaki nimpikie, kwa vile yeye ni askari wa usiku na hakupewa likizo. Akacheka, akasema, "Kwani siku zingine nani hunipikia? Enda ukamwone nyanya yako."

Basi tukaenda, mimi, Mama na mdogo wangu. Tulipofika niliona jambo ambalo nilikuwa nimeliona miaka miwili bila kulitilia maanani. Shangazi yangu, dadake Baba, ameolewa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa tu. Zamani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kutulaki, mkungu wa ndizi kichwani. Sasa hakuja. Nikamwuliza Nyanya tulipokuwa tukichuma mrenda. Akanyamaza kwanza, kisha akaniambia yote.

Mimi ni mmoja wa wale waliofanya KCPE ya mwisho, mwaka wa 2023. Mtihani ule ulioanza mwaka wa 1985 ulifungwa na sisi. Nilipopata nafasi ya Kidato cha Kwanza Januari 2024, nyumbani hapakuwa na pesa za sare, vitabu wala chakula cha mchana. Baba akauza mtamba mmoja pale kwa Nyanya. Kumbe mtamba huyo Nyanya alikuwa ameshamwahidi Shangazi, ambaye alifiwa na mumewe na alitegemea kupata maziwa ya watoto wake. Baba hakumwuliza. Alisema atalipa, na hakulipa.

Jamani! Sare niliyokuwa nikiipiga pasi kila Jumapili jioni ilikuwa ni mtamba wa Shangazi.

Mama alinikanya nisiingilie mambo ya watu wazima. Akanikumbusha methali isemayo kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Mimi nawaheshimu wahenga, lakini naona methali hiyo ni ya jirani. Inamwonya mtu wa nje. Je, mimi ni mtu wa nje? Ugomvi ulioanza kwa ajili ya masomo yangu nitaukimbia na jembe niende kulima wapi?

Tarehe 24 asubuhi nikavuka mto na zile 2,400. Nilimkuta Shangazi akipukuchua mahindi uani. Hotuba sikuwa nayo. Nikamwambia tu, "Senge, nimejua juu ya mtamba. Asante kwa kunisomesha. Pole kwa vile hatukukuuliza."

Msidhani alilia akanikumbatia. Alinisukumia kigoda na gunzi. Tukapukuchua mpaka adhuhuri karibu bila kusema neno, hata vidole vikanichubuka. Kisha akachukua pesa, akazihesabu mara mbili, akanirudishia 200 za pikipiki. Akasema, "Hizi nitanunulia watoto madaftari. Lakini si hela nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja mtu aje."

Kesho yake alikuja kwa Nyanya na ndizi zake. Mama aliinuka akampisha kiti chake. Tukala ingokho na ugali pamoja. Jioni Baba alipopiga simu, Shangazi alizungumza naye kwa muda mfupi. Aprili mwaka huu Baba alienda mwenyewe na elfu tatu. Deni bado lipo, tena kubwa. Lakini sasa ni deni, si uadui tena.

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba Krismasi ya ukoo huleta madeni, halafu Njaanuari ikifika hakuna hata pesa ya daftari. Ni kweli, lakini hilo hutokana na fahari wala si wema. Kupukuchua mahindi nusu siku hakuhitaji mkopo.

Wa pili watasema heri kupeleka unga na sabuni kwenye makao ya watoto. Ni vizuri, na tuendelee kufanya hivyo. Lakini yule mtoto hajui makosa yako. Ukimpa zawadi atafurahi, mtapigwa picha, basi. Ndugu yako anayajua makosa yako yote. Kwake huwezi kujifanya malaika, na hapo ndipo mtu hukomaa.

Wa tatu ni wale wasio na ushago, au wenye jamaa wanaowaumiza. Hao siwalaumu. Simwambii mtu arudi mahali anapopigwa. Wakati mwingine undugu ni jirani aliyekulisha mama yako alipolazwa hospitalini. Nao wenzetu Waislamu wana Idd, na nadhani haya yanawahusu pia.

Je, mimi nilipata nini? Viatu sikupata. Hivi ninavyovaa vimeshonwa mara mbili, na mnaoketi nyuma yangu darasani mmeshaviona. Lakini zamani nilikuwa nikifikiri kwamba nasoma kwa bidii yangu na jasho la Baba tu. Siku hizi nikipata sufuri katika Hesabu, namwona Shangazi na watoto wake wakinywa chai ya mkandaa, nami nafungua kitabu tena.

Kwa hivyo, wenzangu, nawaomba jambo moja kabla ya Desemba kufika. Waulizeni wazazi wenu swali hili: ni nani alikosa nini ndiyo mimi nisome? Huenda jibu likawaaibisha kama lilivyoniaibisha mimi. Mkilipata, msikae nalo. Vukeni mto.