Mgeni kaja Mahale, mwenyeji bado hajapona

Historia ya Kigoma tumezoea kuisimulia kwa kuhesabu wageni. Burton na Speke waliingia Ujiji Februari 1858. Stanley akamkuta Livingstone hapo hapo mwaka 1871, na leo pamejengwa makumbusho. Jane Goodall alishuka Gombe Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Miaka mitano baadaye Mjapani Toshisada Nishida akaenda kusini zaidi, kwenye milima ya Mahale, kwa utafiti kama huo. Kila mgeni tunamjua kwa jina. Waliompokea, wakambebea mizigo na kumwonyesha njia, tunawaita "wenyeji", basi.

Hesabu hiyo imeleta madhara makubwa zaidi Mahale kuliko kwingine kokote katika mkoa huu.

Asiyefika kule ajue kwanza palivyo. Ni yapata kilomita 120 kusini ya Kigoma mjini. Milima inaota ufukweni kabisa, kutoka usawa wa ziwa hadi kilele cha Nkungwe chenye mita 2,462, na mabonde yake yenye misitu yanateremsha vijito baridi hadi kwenye mchanga. Ndani ya hifadhi hakuna barabara. Watalii huja kwa ndege ndogo, kisha kwa boti. Ukishatia mguu nchi kavu, ni kutembea. Kambi za kifahari ni chache, na usiku mmoja hugharimu mamia ya dola. Matangazo yake yote yana wimbo mmoja: pori ambalo halijaguswa na mtu.

Limeguswa sana. Kasoge, mahali ambapo utafiti wa Nishida ulianzia, palikuwa na kijiji cha Watongwe, wenyeji wa milima hiyo. Walilima mihogo na mahindi, wakahama shamba na kuliacha lipumzike, na sehemu ya msitu ambao watalii wanaupiga picha leo imeota juu ya mashamba hayo. Miembe, mipera na milimau waliyoiacha iliendelea kuzaa, na baada ya watu kuondoka sokwe walijifunza kula matunda yake. Hata sokwe wenyewe hawakuzoeshwa watu kwa maajabu ya porini: Nishida aliwavuta kwa miwa iliyopandwa kwa ajili hiyo, na Watongwe ndio waliomfundisha kufuata nyayo za sokwe hao.

Mjapani mwingine, Makoto Kakeya, aliishi na Watongwe mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka akafunzwa uganga wao na kuwa mfumu. Alichokiandika juu ya maisha yao kinanigusa kila nikikikumbuka: watu hawa walilima kwa kipimo cha kutosha tu, na sehemu kubwa ya chakula chao iliishia kwa wageni. Mwenyeji leo, kesho mgeni kwa jirani.

Katikati ya miaka hiyo ikaja operesheni ya vijiji, Watongwe wakahamishwa na milima ikaachwa tupu. Mwaka 1985 Mahale ikatangazwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 1,613. Nkungwe, ambao Watongwe wanauheshimu kuwa makao ya mizimu yao, ukabaki ndani ya mpaka.

Je, warudishwe? Hapa naachana na baadhi ya ndugu zangu wanaolipigania jambo hili. Sioni namna. Sokwe hupata maradhi yetu. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua ulilipitia kundi la sokwe liitwalo M na kuua kadhaa, na ndiyo maana mtalii siku hizi huvaa barakoa na hupewa muda mfupi tu wa kuwatazama. Tazama pia vilima vinavyoizunguka Gombe, vilivyokatwa miti mpaka vikabaki vipara. Kijiji kipya Kasoge kingemaliza sokwe na msitu pamoja, na bila sokwe na msitu hakuna mtalii wala mapato ya kugombania.

Ila kukubali hifadhi hakumlazimishi mtu kukubali mgawanyo wa mapato ulivyo. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ina mpango wake wa ujirani mwema, unaojenga madarasa na zahanati vijijini, na asiyeshukuru hilo hana fadhila. Lakini darasa ni zawadi: mtoaji huchagua lini na kiasi gani. Vijiji jirani vya Buhingu, Katumbi, Kalya na Sibwesa havikai mezani bei ya kitanda inapopangwa.

Kwingine wenyeji walikaa. Zermatt, Uswisi, ni kijiji cha bondeni chini ya mlima Matterhorn, nacho kilivamiwa na wageni tangu karne ya 19, kwanza wapanda milima, baadaye wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Familia za asili za pale zina jumuiya yao, na jumuiya hiyo inamiliki hoteli pamoja na hisa katika kampuni ya magari ya kamba yanayowapandisha wageni mlimani. Wazee wao walikuwa wachunga mbuzi na ng'ombe, hawakuwa matajiri kuliko Watongwe. Walichokuwa nacho ni ardhi ya pamoja ambayo hakuna aliyewahamisha.

Watongwe walihamishwa, kwa hiyo hatuwezi kunakili. Tunaweza kuanzia penye nafasi. Boti zinazopeleka watalii kambini zinaweza kuwa za ushirika wa vijiji, kwa mkataba na kambi. Kila kibali cha kambi kinapohuishwa, kiwe na sharti la hisa kwa vijiji jirani, kwa asilimia iliyoandikwa. Nje ya mpaka, ambako ardhi bado ni ya kijiji, mwekezaji ajenge kwa kupangisha. Halafu wazee waruhusiwe kupanda Nkungwe kwa matambiko siku zinazojulikana, wakiongozana na askari wa hifadhi. Watu kumi wenye barakoa hawatamdhuru sokwe zaidi ya watalii.

Wapo watakaosema Waha na Wabembe nao wamo vijijini humo, hivyo Mtongwe asipewe upendeleo. Hisa ziwe za kijiji chote, sina ubishi. Simulizi, hata hivyo, ina mwenyewe. Anayeongoza watalii bondeni Kasoge aanze kwa kuwaambia kwamba wamesimama uani kwa watu.

Halmashauri ya Uvinza, ambayo vingi vya vijiji hivyo vimo mikononi mwake, haihitaji sheria mpya ili kuwaita wenye kambi na wazee wa vijiji kwenye kikao kimoja. Hifadhi itatimiza miaka 50 mwaka 2035. Waliozaliwa Kasoge na kuhamishwa wakiwa watoto leo ni wazee, na kikao hicho kikichelewa, hawatakuwepo.