Ekseli Hununuliwa kwa Kipimo, Si kwa Macho



Hapa Mariakani twapitiwa na reli mbili. Ya kale, ambayo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa milimita 1000. Ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina upana wa milimita 1435. Hakuna mtu wa reli, hata aliyeandikwa kazi jana, atakayechukua ekseli ya behewa la reli ya kale akaitia chini ya behewa la reli mpya. Kazini twapima kila kitu. Basi kwa nini, tukishika fedha zetu wenyewe, twanunua ekseli ya gari kwa kuitazama tu?

Twasema hivi kwa kuwa yametupata. Sisi sita tulikopa katika Sacco, tukanunua gari la kuchukua abiria baina ya Mariakani na Kaloleni. Siku moja ekseli ya nyuma ilikatika. Tuliiacha kwa fundi, tukaenda mikono mitupu kwa muuzaji wa spea zilizokwisha tumika. Tulimtajia jina la gari na mwaka wake. Akatutolea ekseli moja, akasema ndiyo yenyewe. Tukalipa.

Fundi alipohesabu meno ya ncha inayoingia katika difu, ya zamani ilikuwa na meno 28, na hii yetu 30. Tuliirudisha. Muuzaji akataka risiti, nayo ilikuwa imeandikwa "ekseli 1" basi. Hatukurudishiwa hata senti. Gari lilikaa wiki tatu, na mkopo ukaendelea kukatwa katika mishahara yetu.

Mwenzetu mmoja, kwa uchungu wa fedha, alitaka meno yakwaruzwe kwa tupa mpaka ekseli iingie. Tulikataa. Meno 30 hayawi 28 kwa tupa, na chuma kigumu cha juu kikiondolewa, ekseli hudhoofika. Katika magari mengi gurudumu la nyuma hushikwa na ekseli yenyewe. Ikikatika, gurudumu laweza kutoka nayo. Humo ndani mna mama zetu waendao sokoni. Hasara ya fedha yaweza kulipwa. Maisha ya mtu hayalipwi.

Kwa hiyo twawashauri wenzetu wote, tangu Mtwapa hata Malindi, washike mambo haya.

Kwanza, nenda na kipande cha zamani. Kiweke sambamba na unachouziwa. Hesabu meno ya ncha, pima urefu, pima unene mahali pa beringi, hesabu tundu za bolti na nafasi baina yake.

Pili, andika namba ya chesisi na namba zilizo katika kibao cha chuma cha gari. Magari ya Toyota, kwa mfano, huwa na alama ya giaboksi na ekseli katika kibao hicho. Jina na mwaka havitoshi, maana gari la jina moja hutengenezwa kwa namna nyingi: la kuvuta kwa magurudumu mawili au manne, la gia za mkono au za kujiendesha.

Tatu, ikiwa ni shafti ya mbele, taja upande. Mara nyingi ya kushoto na ya kulia hazina urefu mmoja. Na ikiwa gari lina breki za ABS, tazama kama shafti ina pete ya meno madogo. Ikiwa nayo, hesabu meno yake pia.

Nne, ukinunua difu nzima, hesabu meno ya gurudumu kubwa na ya dogo, kisha gawanya. Meno 41 kwa 10 ni 4.1, meno 43 kwa 10 ni 4.3. Kwa macho difu hizo ni ndugu. Lakini ukiitia moja mbele na nyingine nyuma katika gari la kuvuta kwa magurudumu manne, zitashindana barabarani mpaka kitu kivunjike.

Tano, risiti. Iandikwe namba ya chesisi, kazi ya kitu hicho, na kwamba kisipoingia kitarudishwa. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi ya kitu na kutegemea ujuzi wake, na kitu hicho kikiwa ndicho biashara ya muuzaji huyo, basi yapasa kifae kazi hiyo. Sisi tulimweleza kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayana shahidi.

Wako watakaosema kosa ni la muuzaji peke yake. Hatumtetei. Lakini yeye alikuwa na duka zima la kupima, nasi tulikuwa na ekseli iliyokatika, na hakuna aliyepima. Muuzaji asiyetaka kuandika anajua kwa nini hataki. Mwacheni, nendeni kwa mwingine.

Twaomba kila tawi liweke kalipa moja ya kuazimana, na daftari la namba za spea zilizojaribiwa zikafaa. Gharama yake ni ndogo kuliko ekseli moja isiyoingia. Sisi tusiokubali kupitisha behewa lenye ekseli yenye shaka, tusikubali hayo katika gari linalowachukua watoto wetu.

Kuuliza si ujinga, na kupima si kumtukana muuzaji.